Ngao, Utani na Yai Moja

Mwaka 2017, katika miezi yangu ya mwisho ya kazi ya ualimu, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Tanga, na siku hiyo tulikuwa tukipitia majina ya zana za vita za kale: mkuki, upinde, podo, rungu, sime. Tulipofika kwenye ngao nikaeleza kwamba ngao haishambulii mtu bali humkinga aliyeishika, na kwamba wazee wetu aghalabu waliitengeneza kwa ngozi ya mnyama iliyokaushwa ikawa ngumu kama ubao. Kijana yule akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, ikiwa ngao ni ya kukinga, Ngao ya Jamii humkinga nani, na humkinga na nini?"

Darasa zima likaangua kicheko, kwa maana lilikuwa ni juma ambalo Simba na Yanga walikuwa wakijiandaa kuipigania ngao hiyo. Nami nikacheka pamoja nao, kisha nikasema tuendelee na somo. Msomaji aliyewahi kushika chaki anajua kwamba mwalimu anayesema tuendelee na somo ni mwalimu aliyekwama.

Swali lile lingalinitoka akilini kama maswali mengine mengi ya darasani, lakini mambo yaliyonipata baadaye, mwaka 2022 na mwaka 2023, yalilirudisha kwa nguvu. Nimeona niyaandike, ingawa sehemu yake moja inaniaibisha.

Yafaa kwanza nieleze shindano lenyewe kwa ajili ya wale wasiofuatilia kandanda. Ngao ya Jamii ni shindano la kufungulia msimu. Kabla ligi kuu haijaanza, bingwa wa msimu uliopita hukutanishwa na mpinzani anayestahili, ama mshindi wa kombe ama aliyeshika nafasi ya pili, na mshindi wa siku hiyo hupewa ngao. Lilichezwa mwaka 2001, Yanga wakawafunga Simba mabao 2 kwa 1. Katika miaka ya mwanzo mwendo wake haukuwa wa kutegemewa. Mwaka huu lipo, mwaka ule halipo. Baadaye likatulia, likawa kama mbiu ya mgambo inayowaambia wapenzi wa kandanda kwamba mapumziko yamekwisha. Ngao hiyo imesafiri pia. Mwaka 2018 ilipiganiwa Mwanza, mwaka 2020 Arusha, na mwaka 2023, kwa bahati yangu, ikaletwa hapa Tanga katika uwanja wa Mkwakwani. Wala si Simba na Yanga peke yao walioishika: Mtibwa Sugar waliitwaa mwaka 2009 na Azam mwaka 2016.

Wazo tuliliazima kwa Waingereza. Wao walianza shindano lao mwaka 1908, Manchester United wakapambana na Queens Park Rangers, nao wakaliita ngao ya hisani kwa kuwa mapato yake yalikusudiwa kuwasaidia wenye shida. Waliendelea na jina hilo kwa muda wa miaka zaidi ya tisini, hata mwaka 2002 wakalibadilisha likawa ngao ya jamii, baada ya kuonekana kwamba hesabu za hisani yenyewe hazikuwekwa wazi kama sheria ilivyotaka. Hapa kwetu pia wapo waliolizoea jina la Ngao ya Hisani, na hadi leo mzee mmoja mmoja hulitumia. Mimi nalipenda zaidi hili la sasa. Hisani ina mkono unaotoa na mkono unaopokea, na anayepokea hukaa chini. Katika jamii watu wote hukaa mkeka mmoja, hata kama wamekaa wakipeana mgongo.

Lakini jambo linaloitofautisha ngao hii na mashindano mengine ni kwamba ndani yake hamna pointi. Anayeshindwa hashuki daraja, hapotezi ubingwa, hafungiwi njia ya kwenda kucheza na mataifa mengine ya Afrika. Kesho yake ligi huanza na kila timu ina sifuri. Mtu asiyetujua angedhani kwamba mchezo wa namna hiyo huchezwa mbele ya viti vitupu. Kumbe siku Simba na Yanga wanapokutana kwa ajili ya ngao, maduka hufungwa mapema, mabaraza hujaa, na waume kwa wake huvaa rangi zao toka asubuhi. Wanapigania nini, ilhali hakuna cha kupigania? Wanapigania haki ya kucheka. Anayeshinda hupata ruhusa ya kumcheka mwenzake hadi watakapokutana tena, na anayeshindwa hana budi kuvumilia. Jambo hilo hatukuliazima Uingereza. Hilo ni utani, na utani tulikuwa nao kabla mpira haujafika katika nchi hii.

Vijana wengi siku hizi hudhani utani ni mzaha tu. Wazee wetu waliufanya kuwa taasisi yenye sheria zake. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wajukuu wao wakawa watani. Wanyamwezi waliokuja pwani na misafara walifanya utani na Wazaramo na wenyeji wengine waliowapitia njiani, kwa sababu mgeni anayepita kila mwaka ama humfanya adui ama humfanya mtani. Wapare na Wachaga hutaniana mpaka leo kuhusu fedha na ubahili. Mtani alikuwa na haki ya kukutukana mbele za watu, kukuvua kofia, hata kumkamata kuku wako akaenda naye, nawe hukuruhusiwa kukasirika. Sheria ya kwanza ya utani ni hiyo: mtani hanuni. Sheria ya pili ndiyo iliyoanza kusahauliwa. Siku ya msiba, mtani ndiye aliyetakiwa kufika mapema. Alichimba kaburi, aliteka maji, alipasua kuni, alipika, naye peke yake aliruhusiwa kumwigiza marehemu jinsi alivyotembea na alivyosema, ili wafiwa wacheke kidogo katikati ya kilio. Alikuwa na ruhusa hata ya kuuzuia mwili usitoke mpaka alipwe deni lake. Kwa hiyo yule aliyekutukana mwaka mzima ndiye aliyekusitiri mwisho.

Magazeti yetu huwaita Simba na Yanga watani wa jadi. Jina hilo limerudiwa mno hata limekuwa kama chumvi ambayo mlaji haisikii tena. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wakajitenga, wakaunda timu yao ambayo ilipita katika majina ya Queens, Eagles na Sunderland, hata mwaka 1971 ikaitwa Simba. Basi wale si makabila mawili yaliyokutana njiani. Ni ndugu waliotoka katika nyumba moja wakagombana, mmoja akahama akajenga mtaa wa pili. Na utani wa ndani ya ukoo nao upo katika desturi zetu. Babu humtania mjukuu, shemeji humtania shemeji. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu litahitajika mbele.

Mimi ni mpenzi wa Simba. Rafiki yangu, ambaye sitamtaja kwa jina, alikuwa mpenzi wa Yanga. Alikuwa fundi cherehani katika barabara mojawapo ya Ngamiani, na kibaraza cha duka lake kilikuwa ndilo bunge letu. Hapo tulikunywa kahawa, tukacheza bao, tukasikiliza mpira redioni. Tulijuana mwaka 1974, tukiwa vijana, siku Yanga walipowafunga Simba mabao 2 kwa 1 pale Nyamagana, Mwanza, kwa mabao ya Gibson Sembuli na Sunday Manara. Sikumjua jina, lakini alinifuata barabara nzima akiniimbia. Ilinibidi nisubiri miaka mitatu kumlipa. Mwaka 1977 Simba waliwafunga Yanga mabao 6 kwa 0, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu. Nilikwenda dukani kwake nikaagiza shati lenye vifungo sita. Alinipima kwa adabu zote, akalishona, akaniletea. Halikuwa na tundu hata moja la kifungo.

Tangu siku hiyo tukawa watani. Wakati wa mechi kubwa alishona bendera za rangi zote, maana kazi ni kazi, lakini mteja wa kitambaa chekundu alitozwa zaidi, na alipouliza sababu aliambiwa kwamba ni gharama ya sabuni ya kunawia mikono. Kwa kabila hatukuweza kuwa watani. Sisi sote ni Wabondei, wazee wetu wametoka Muheza, na yamkini tukihesabu vizuri tutapata bibi mmoja. Utani wetu uliletwa na mpira tu.

Nitasema tukio moja ili msomaji amjue alikuwa mtu wa namna gani. Mwaka 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF. Walitoka sare huko Abidjan, na nchi nzima ikaamini kwamba kombe limekwisha kuwa letu. Kisha Stella Abidjan wakaja Dar es Salaam wakatufunga mabao 2 kwa 0 mbele ya macho yetu. Jioni ile nilijifungia ndani, nikijua kwamba fundi atakuja na ngoma. Alikuja kweli baada ya magharibi. Alikaa, akanywa chai, akazungumza habari za mvua na bei ya nyuzi, akaondoka. Hakutaja mpira kwa muda wa juma zima. Siku ya nane akaniuliza kama najua hoteli nzuri huko Abidjan.

Ngao ya Jamii ilipoanza mwaka 2001, tuliwekeana mkataba. Mwaka ambao timu zetu zitakutana katika ngao, aliyeshindwa atampelekea mwenzake jogoo. Haikuwa kamari, kwa sababu jogoo alipikwa na sote tukamla, na aliyeshindwa ndiye aliyepewa shingo. Mwaka ule wa kwanza nilipeleka jogoo mimi. Mwaka 2010 Yanga walishinda kwa mikwaju ya penalti, nami nikatoa hoja kwamba penalti si mpira kamili, hivyo haistahili jogoo kamili. Nikampelekea yai. Alilipokea bila neno. Kumbe aliweka akiba. Mwaka 2017, ngao ile ile iliyomfanya mwanafunzi wangu aulize swali, Simba tulishinda kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya bila kufungana. Kesho yake mtoto alibisha hodi akiwa na yai moja lililofungwa katika kipande cha kitambaa cha kijani.

Sasa nafika mahali panaponiaibisha.

Tarehe 13 Agosti 2022 Simba na Yanga walikutana tena. Tulianza sisi, Pape Sakho akafunga, nami nikasimama kibarazani nikasema maneno mengi. Kipindi cha pili Fiston Mayele akafunga mara mbili. Mayele alikuwa na desturi ya kushangilia kwa kutetema, yaani kuutikisa mwili mzima kama mtu mwenye homa, na mtindo huo ulikuwa umeenea nchini hata watoto wa chekechea waliujua. Fundi alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, na goti moja lilikuwa limekwisha kuharibika. Akainuka katika kiti, akashika mkongojo wake, akatetema. Watoto wa mtaa wakakusanyika. Akatetema kunizunguka. Watu wakacheka hata wengine wakakaa chini, na miongoni mwa waliocheka walikuwamo vijana niliowafundisha.

Nikakasirika. Sijui hasira ile ilitoka wapi, kwani kwa miaka mingi nilikuwa nimevumilia makubwa zaidi. Labda ni kustaafu. Mwalimu aliyestaafu hutafuta heshima yake kila mahali kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nikamwambia neno moja ambalo sitaliandika hapa. Halikuwa neno la mpira. Liligusa nyumba yake. Akaacha kutetema, akakaa, akaniangalia kama mtu anayeangalia kitambaa kilichokatwa vibaya. Mimi nikaenda zangu, na jogoo sikumpeleka.

Baada ya majuma mawili akamtuma mtoto aniambie kwamba jogoo anazeeka. Maneno hayo yalikuwa mlango uliofunguliwa. Mwenye akili angeingia. Nikamwambia mtoto kwamba nimesikia. Akatuma tena karibu na mwaka mpya, safari hii akisema kwamba atapokea hata kifaranga. Sikujibu. Kila nilipotaka kwenda niliona haya, na kila siku iliyopita iliiongeza ile haya, hata ikawa nazunguka barabara nyingine ili nisipite mbele ya duka lake. Nilikuwa nimevunja sheria ya kwanza. Nilikuwa nimenuna.

Akafariki mwezi wa Mei 2023, kwa maradhi ya moyo. Yanga walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, jambo ambalo klabu yake haikuwa imelifikia katika maisha yake yote, na mechi ya kwanza dhidi ya USM Alger ilikuwa ichezwe Dar es Salaam tarehe 28 mwezi ule ule. Hakuiona.

Nililetewa habari alfajiri. Nilikaa kitandani kwa muda mrefu, kisha nikaenda uani nikamkamata jogoo mkubwa kuliko wote, nikamfunga miguu, nikamtia katika kikapu. Nikavaa fulana yangu nyekundu. Mke wangu aliniuliza kama nimepata wazimu. Nikamwambia kwamba nina deni.

Nilipofika, wanaume walikuwa wamekaa barazani, kimya, wakingoja mwili uoshwe. Nikasimama mlangoni na kikapu changu, na sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu mwingine. Nikasema kwamba huyu bwana ananidai, na kwa kuwa mimi ni mtani wake sitakubali atoke ndani ya nyumba hii kabla hajapokea mali yake, asije akanisema vibaya huko aendako. Nikasema kwamba nilimchelewesha kwa miezi tisa kwa sababu ya ujinga wangu, na kwamba wote waliopo wawe mashahidi. Jogoo naye, kana kwamba alikuwa amefundishwa, akawika ndani ya kikapu.

Hakuna aliyecheka. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa amesafiri usiku kutoka Dar es Salaam, akanijia. Ni kijana msomi, mwenye adabu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, leo si siku ya mpira. Tena nyinyi ni kabila moja. Huo utani umetoka wapi?"

Sikuwa na jibu, kama ambavyo sikuwa nalo darasani. Ningaliweza kumweleza yote niliyoyaeleza hapa juu, habari za nyumba moja iliyogawanyika mwaka 1936 na utani wa ndani ya ukoo, lakini mlango wa maiti si mahali pa kutoa mhadhara. Tena moyoni nilijua kwamba swali lake lilikuwa la haki. Mtu aliyenuna miezi tisa anadai utani kwa haki gani? Nikageuka niondoke.

Hapo mjane akatokea upande wa wanawake. Kelele za jogoo zilikuwa zimefika ndani. Aliniangalia mimi, akaiangalia fulana, akakiangalia kikapu, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kilichochanganyika na kilio, lakini kilikuwa kicheko. Akasema, "Shemeji, alisema utaleta. Alisema, yule atakuja tu." Akakichukua kikapu kutoka mkononi mwangu. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna, mmoja akacheka, na wazee wawili pale barazani wakajisogeza kunipisha nikae. Mwanawe hakusema neno tena, lakini hakuketi karibu nami. Tulimzika baada ya adhuhuri. Nilishika jembe mpaka mwisho, na mikono ya mwalimu mstaafu ilipata malengelenge.

Tarehe 28 Mei nilisikiliza ile fainali peke yangu. Yanga wakafungwa nyumbani mabao 2 kwa 1. Juma lililofuata wakashinda bao 1 kwa 0 kule Algiers, lakini kombe likabaki huko kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Nitaungama jambo ambalo sijamwambia mwana-Simba yeyote: nilitaka washinde. Nilipowasikia wenzangu wakishangilia Waalgeria mtaani sikuwalaumu sana, maana kushangilia anguko la mtani ni haki ya mtani. Lakini nilikumbuka ile chai ya mwaka 1993. Siku hizi redioni na katika simu nasikia matusi mengi yanayoitwa utani. Matusi ni nusu ya utani, tena ile nusu rahisi. Ningependa kujua ni wangapi kati ya wanaoyatuma wamewahi kwenda kwenye msiba wa yule wanayemtukana.

Basi ndipo ngao ikaletwa Tanga. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, waliamua ishindaniwe na timu nne badala ya mbili: Yanga, Simba, Azam na Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 utaratibu huo wa timu nne uliendelea, na Coastal Union ya hapa kwetu ikawa mojawapo, jambo lililotupa fahari ingawa Azam waliwatoa katika nusu fainali. Lakini nazungumzia mwaka 2023. Yanga waliwafunga Azam, Simba wakawatoa Singida kwa penalti, na tarehe 13 Agosti, mwaka mmoja kamili tangu siku ya kutetema, watani wakakutana Mkwakwani.

Uwanja wetu ni mdogo na wa zamani. Umezoea ugomvi wetu wenyewe wa Coastal Union na African Sports, ambao nao ni nyumba mbili za mji mmoja. Siku ile watu walifika kutoka Dar es Salaam, Korogwe na Muheza, wakaujaza mpaka tukakaa bega kwa bega. Upande wangu wa kulia alikaa mama mmoja wa Yanga aliyenigawia karanga zake na kunitukana kwa zamu. Dakika tisini zikapita bila bao. Nilipoona mwamuzi anaelekeza kwenye mikwaju ya penalti nilicheka peke yangu, na yule mama akaniuliza kama ninaumwa.

Langoni kwetu alisimama kijana Ally Salim, aliyepewa nafasi kwa sababu Aishi Manula alikuwa majeruhi. Si watu wengi waliomtegemea. Akaruka huku, akaruka huku, na wapigaji wa Yanga, watu wenye majina makubwa, wakarudi katikati mmoja baada ya mwingine wameinamisha vichwa. Simba tukashinda kwa penalti 3 kwa 1. Yule mama akanipa karanga zilizobaki, akaniambia nikazile Msimbazi.

Nilipokuwa nikitoka langoni nikamwona mtoto wa fundi. Alikuwa amekuja kutazama mpira, na shati lake lilikuwa la manjano. Nililijua lile shati kwa mshono wake. Tukaangaliana. Hatukuwa tumeonana tangu siku ya arobaini, na siku hiyo nayo hatukuzungumza. Akaniamkia, "Shikamoo, baba." Nikaitikia marahaba. Alionekana kama anayetaka kuongeza neno, lakini umati ukatutenganisha, nami nikarudi nyumbani kwa miguu.

Asubuhi ya pili, kabla sijanywa chai, mtoto alibisha hodi. Alikuwa mjukuu wa fundi, na mkononi alikuwa ameshika kifurushi kidogo cha kitambaa cha kijani kilichofungwa fundo. Alisema ametumwa na baba yake, ambaye amekwisha kupanda basi la Dar es Salaam, na kwamba baba yake amesema penalti si mpira kamili. Nikamshukuru, nikampa sukari guru, nikaingia jikoni nikawasha moto mwenyewe ili nilikaange yai langu.

Nilipolivunja lilikuwa viza.